Namna ya Kumshauri Kijana wa Kasoli Kuhusu Kazi Bila Kumchagulia: Mwongozo kwa Walimu, Wajomba na Wajuaji Wote

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila mtu Kasoli, huku Simiyu, anageuka mnasihi. Mwenye duka la vocha anashauri. Wa bodaboda anashauri huku pikipiki inaunguruma na abiria anamngoja. Mjomba aliyehamia Mwanza zamani anapiga simu na kushauri kwa sauti ya mkuu wa mkoa. Shangazi anauliza mahari itafika ng'ombe wangapi, na anaamini kwa moyo safi kwamba huo nao ni ushauri wa kazi. Mtu mmoja tu hajaulizwa neno: kijana mwenyewe, aliyesimama chini ya mwembe na simu ya kuazima, akihesabu pointi zake kwa mara ya tatu.

Mwongozo huu ni wa watu hao wote. Zaidi ni wako wewe, mwalimu wa shule ya kata, uliyekabidhiwa malezi na unasihi kwa sababu siku ya kikao hukuwepo, na uliporudi ukakuta jina lako limeshaandikwa ubaoni. Nitakutania njiani, lakini kila ninalokuambia ufanye nataka ulifanye kweli. Kijana wa hapa akishauriwa vibaya anaweza kupoteza miaka kumi, na ng'ombe wa baba yake wakapotea pamoja nayo.

Acha utabiri

Mwalimu mtabiri utamjua kwa haraka yake. "Huyu mkorofi, jeshi litamfaa. Huyu mpole, ualimu. Huyu mrefu, polisi. Yule binti mwandiko wake mzuri, aende ukarani." Kengele ya chai haijalia, darasa zima limeshapangiwa maisha, na hakuna aliyeulizwa swali hata moja. Mganga wa kupiga ramli angalau humuuliza mteja anatoka wapi na ni mtoto wa nani.

Wazee wetu hawakuiokota tabia hii njiani. Baada ya uhuru nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, hata Serikali ikakaa kupanga inahitaji walimu wangapi, wahandisi wangapi, waganga wangapi, kisha ikawasomesha na kuwapangia vituo. Kijana alimaliza masomo, akapewa barua, akapanda treni. Aliyemwambia "soma, kazi ipo" alisema kweli tupu. Halafu ikaja miaka ya 1990: mashirika ya umma yakabinafsishwa, watumishi wakapunguzwa, ajira serikalini zikabanwa. Mpango ule ulikufa, lakini ushauri wake bado unatembea vijijini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 84.

Kwa hiyo mzee anaposema "soma upate kazi ya serikali", usimcheke wala usibishane naye mbele ya mtoto. Msikilize, mshukuru, kisha mpe kijana hiyo hesabu. Ajira ya serikali aiombe, tena aiombe kwa bidii, ila asikae kibarazani miaka mitano akiingoja peke yake.

Uliza, kisha funga mdomo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, maana mwalimu amezoea kulipwa kwa kusema.

Swali baya kuliko yote ni lile tunalolipenda: "Unataka kuwa nani?" Darasa zima litakujibu daktari, mwanasheria, rubani. Rubani atatajwa na mtoto ambaye ndege anayoijua ni ile inayopita juu kabisa, haimwoni. Si kosa lake. Kazi za mshahara anazoziona kila siku zinahesabika: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kata, mchungaji, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ukimdai jina la kazi, atachagua humo, au atakuletea alichokiona kwenye runinga ya jirani.

Muulize anafanya nini. Pampu ya kunyunyizia pamba ikiziba, kwenu nani anaifungua? Ndama akigoma kunyonya, nani anaitwa? Mnunuzi akija na mizani ya dengu, nani anakaa pembeni kuhakikisha baba haibiwi? Wadogo zako hesabu zikiwashinda wanamfuata nani? Somo gani unalisoma hata mwalimu asipoingia darasani? Kazi gani ya nyumbani unaikimbia hata ukitishiwa kiboko? Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo. Watoto huzijua chuki zao mapema kuliko mapenzi yao, na kijana anayejua asichokitaka ameshafika nusu ya njia.

Ukishauliza, nyamaza. Nasema nyamaza kabisa, hata kimya kikikukera. Mtoto wa Kinyantuzu, Msukuma wa huku kwetu, amelelewa asimpinge mkubwa. Mwambie "naona uuguzi utakufaa", atajibu "ndiyo mwalimu" akiangalia chini. Mwambie kesho yake "naona useremala utakufaa", atajibu "ndiyo mwalimu" vilevile. Hiyo "ndiyo" ni heshima anayokupa, kama shikamoo, nawe usiiandike kwenye faili kama uamuzi wake. Uamuzi wake utausikia kimya kikishapita, anapoanza sentensi kwa "ila mwalimu…" Ukilisikia hilo "ila", weka kalamu chini usikilize kwa masikio yote mawili.

Na toka ofisini. Ofisi ya walimu ina fimbo juu ya kabati, ina daftari la makosa, ina wenzako wanaojifanya kusahihisha huku wamesimamisha masikio. Hakuna mtoto atakayesema kweli humo. Kaa naye kivulini, ipe mikono yake kitu cha kufanya, muongee mkiwa mnaangalia kazi badala ya kuangaliana. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba. Kaa hapa, nisaidie kuchambua hizi dengu. Nyumbani hawajambo?

— Hawajambo.

— Baba ameshauza pamba?

— Ameuza kidogo.

— Hesabu aliandika nani?

— Mimi.

— Kwa nini si kaka yako?

— Kaka huwa harudii kujumlisha. Anakubali tu wanachomwambia.

Hapa mwalimu mwepesi hudakia, "Uhasibu!", anafunga daftari na kwenda kunywa chai. Wewe usiende. Uliza tena: ulijuaje kwamba jumla haikuwa sawa? Ulimwambia nani? Ulipomwambia, mnunuzi alifanyaje? Huenda binti huyu anapenda namba. Huenda anapenda haki, na angekaa vizuri katika sheria au ukaguzi. Huenda anapenda tu kumshinda kaka yake, na hilo nalo ni jambo la kulijua. Mazungumzo matatu ya namna hii, kwa wiki tofauti, yatakupa zaidi ya fomu yoyote ya kujaza.

Akishakuamini atakuambia na mengine: kwamba analala na njaa, kwamba kuna mtu anamsumbua njiani, kwamba nyumbani wameanza kupokea wageni wenye fimbo za kuchungia na maneno ya posa. Palipo na hatari, mfikishe kwa wanaohusika na ulinzi wa mtoto. Mengine yote yaishie kwako. Mwalimu anayepeleka siri ya mwanafunzi kwenye chai ya saa nne apumzishwe kazi hii siku hiyohiyo.

Taaluma hii ina umri wake. Mwaka 1908 huko Boston, Marekani, Frank Parsons, mtu aliyekwisha kuwa mhandisi, mwalimu na mwanasheria, alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini. Alifariki mwaka uleule, na kitabu chake, *Choosing a Vocation*, kikatoka mwaka 1909. Alitaka mambo matatu: kijana ajijue, azijue kazi zilivyo, kisha apime kwa akili tulivu jinsi hayo mawili yanavyokutana. Zaidi ya miaka mia imepita na bado fundisho hilo linasimama. Nina nyongeza moja tu kutoka upande huu. Kijana wa Parsons aliweza kuingia ofisini peke yake na kuondoka na uamuzi wake. Wa Kasoli ana mji nyuma yake: baba, mama, mjomba, shangazi na zizi. Huko nitafika. Kwanza azijue kazi.

Ifuateni pamba

Huna haja ya kumwalika mtu wa Dar es Salaam mwenye tai aje kuwaonyesha watoto kazi. Mkoa wa Simiyu ndio unaotangulia kwa pamba nchini, na pamba iko mlangoni kwako. Chukua darasa, mfuate pamba kuanzia mbegu mpaka robota, na kila mnapokuta mtu anafanya kazi, simameni mumuulize: ulisomea wapi, uliingiaje, unachokichukia ni nini, mshahara unakutosha?

Mbegu ya pamba iitwayo UKM08 ilitoka kwa watafiti wa Ukiriguru, mkoani Mwanza. Kwa hiyo yupo mtu aliyesomea namna ya kuzaa mbegu, na mtoto aliyepanda mbegu hiyo tangu utoto hajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni kazi ya mtu. Palepale Ukiriguru kuna chuo cha kilimo kinachotoa maafisa ugani. Endeleeni. Yupo fundi wa pampu, yupo mwenye trekta, yupo karani wa AMCOS na mizani yake, yupo dereva wa lori. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kuna fundi mitambo, fundi umeme wa viwandani, mpanga madaraja ya pamba, mhasibu, mtu wa usalama kazini. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta. Anayekarabati mashine ya kukamua ni nani, na alijifunza kwa nani? Mashudu yanakwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe anahitaji mtaalamu wa mifugo, na chuo cha mifugo cha Mabuki kiko Misungwi, jirani tu. Ng'ombe akichinjwa, ngozi yake ina watu wanaoisomea katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na sisi bado tuna ngozi zinazoozea uani.

Msiishie kwenye pamba. Maswa vijana walianzisha kiwanda cha chaki, hiyo chaki unayoivunjavunja kila siku ukifoka. Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Viktoria na barabara ya kuingilia Serengeti. Askari wa wanyamapori wanafundishwa Pasiansi, Mwanza. Reli inapita Malampaka. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kimeleta kampasi Simiyu. Mtoto wa Kasoli hana haja ya kuota mbali ili aote kikubwa, na akitaka kuota mbali pia ni ruhusa yake.

Onyo moja. Mkiwa katika safari hiyo, usiwahutubie kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mtoto aliyepalilia tangu alfajiri kabla ya kuja shule anaujua huo mgongo kuliko wewe. Akikuambia hataki kushika jembe maisha yake yote, muamini. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba kati ya jembe na urubani kuna kazi nyingi, na nyingine zinaishi humuhumu.

Shika namba

Ushauri usio na namba ni porojo, na porojo Kasoli ipo ya kutosha. Mwalimu wa unasihi lazima ajue haya usingizini.

Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Kuingia kidato cha tano shule ya serikali, kijana anatakiwa awe na angalau C tatu, na pointi zisizidi 25. Kwa miaka mingi tumewaimbia watoto kombi zilezile, PCM, PCB, HGL, HKL, EGM, kana kwamba zilishuka na mvua. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49 na kuzifanya zote kuwa 65. Kama orodha uliyobandika ukutani bado ni ile ya zamani, ibandue leo.

Sasa tuje kwa mwenye divisheni foo, kwa sababu huyo ndiye tunayemuua. Pointi zake 27. Kijiji kimeshasema "amefeli", mjomba wa Mwanza amekata simu, na mwalimu anayakwepa macho yake kwenye korido. Lakini soma cheti chake polepole. Ana D ya Kemia, D ya Bayolojia, D ya Fizikia na D ya Kiingereza au Jiografia. Stashahada ya utabibu inamtaka aliyefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo hayo matatu ya sayansi. Huyo mnayemwita aliyefeli anaweza kuomba kusomea kazi ya kutibu watu. Akimaliza kwa GPA ya 3.0 au zaidi, mlango wa chuo kikuu unamfungukia kwa njia ya pembeni, ilimradi awe na ufaulu wa kidato cha nne ambao kozi inautaka. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Ni watoto wangapi wa kata hii wameambiwa hivyo siku ya matokeo, siku ambayo walihitaji kusikia?

Na VETA, vyuo vya ufundi stadi. Kuna walimu wanaoitaja VETA kama adhabu: "Usiposoma utaishia VETA." Ukisema hivyo unamtukana fundi umeme aliyekuwashia taa hiyo unayosomea. Ngazi zake ni tatu, na mwenye cheti chake anaweza kuendelea hadi vyuo vya ufundi. Yupo pia kijana aliyejifunzia gereji chini ya mti, ana mikono ya dhahabu na hana karatasi. VETA ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti cha ujuzi alionao, hata kama aliupata nje ya darasa. Mtafute huyo. Mara nyingi ni kaka wa mwanafunzi uliye naye.

Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, usiijaze mtoto akiwa hayupo. Najua mtandao mzito, najua umeme, najua tarehe ya mwisho. Kishawishi ni kujaza machaguo ya darasa zima usiku mmoja ili mtu alale. Usifanye. Matokeo yakishatoka Serikali hufungua nafasi ya kubadilisha tahasusi na vyuo. Wengi huipita hawaijui, kisha mwezi wa sita wanashangaa kupangiwa wasichokitaka. Siku hizo chache, mwalimu, usiende likizo.

Kalenda ya chuo na kalenda ya pamba

Hili silisikii likisemwa kwenye semina, na ndilo linalowaangusha wengi.

Pamba hupandwa Novemba na Desemba. Msimu wa kununua hufunguliwa Mei. Kidato cha tano kinaanza Julai, wakati fedha ya pamba ingali nyumbani na ng'ombe wamenona, kwa hiyo sanduku na godoro vinanunuliwa. Masomo ya VETA huanza Januari. Januari nyumba za Kasoli ziko wapi? Fedha ya pamba ilikwisha katika harusi, madeni na madume mapya. Chakula kimepungua, palizi imeanza, na kijana mwenyewe anahitajika shambani kuliko wakati wowote. Barua ya chuo inafika, baba anaitazama, anasema "tutaona mwakani". Mwakani ni vilevile. Kijiji kinahitimisha kwamba mtoto hakupenda shule.

Basi mwezi wa Juni fanya hivi. Nenda na karatasi ya gharama. Ada ya VETA yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: Serikali iliipanga kuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachouma ni vifaa, sare, nauli na chumba kwa asiye bweni. Piga simu chuoni, andika kila kitu, jumlisha, na umuombe baba aitenge fedha hiyo kabla ya mnada ujao. Kama ni dume, liuzwe Juni lingali na nyama, lisisubiri Oktoba mbavu zikiwa nje na bei imeanguka. Muulize na mama. Yeye ana dengu zake, kuku wake na kikundi chake cha kuweka na kukopa, na mara nyingi ndiye anayelipa huku baba akitajwa.

Mwambie kijana pia kuhusu siku ya kumaliza, maana fundi bila vifaa hurudi kuchunga. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana, mikopo hiyo hupewa vikundi. Kwa hiyo kikundi kianze kutafutwa akiwa bado mwanafunzi, miongoni mwa wenzake anaowaamini.

Nenda nyumbani kwao

Usimwite baba shuleni. Ameshaitwa shuleni mara nyingi, na kila alipoitwa kulikuwa na mchango au kosa. Nenda wewe, jioni, mifugo ikishaingia zizini. Salimia ipasavyo, "Mwadila", upokee kigoda, uulize mvua, uulize ng'ombe. Mwalimu anayefika na kuanza na neno "mtoto wako" kabla ya kuuliza mvua ameshashindwa.

Kisha muulize mzee swali ambalo hakuna anayemuuliza: anaogopa nini? Atakuambia, kwa sababu anajua. Anaogopa kuuza ng'ombe wanne, mtoto asome, arudi na shahada akae nyumbani kama yule wa jirani. Anaogopa mtoto aende asirudi tena, hata kuzika. Hofu hizo mbili zina akili. Usimjibu kwa hotuba kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Mjibu kwa karatasi yako: njia hii ni miaka mitatu na gharama yake ni hii, njia ile ni miaka miwili na kazi yake ipo Bariadi, hapo karibu. Mtu anayejua kununua ndama na kumkuza hadi dume anajua kupima uwekezaji kuliko wewe mwenye mshahara.

Mtoto akiwa wa kike, kaa chini zaidi. Wapo watu wanaohesabu ng'ombe wa mahari kabla Baraza la Mitihani halijahesabu pointi. Mjomba anayekuja na habari za posa mwezi wa mtihani usimchekee, hata akileta soda. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa chini ya miaka 18 vinavunja Katiba. Na aliyekwisha kujifungua hajafukuzwa duniani. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi shule za kawaida. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo vimewapokea wasichana wa namna hiyo pamoja na watoto wao, na kimoja kiko Malampaka, wilayani Maswa. Binti huyo usingoje aje kukuona. Haji, anaona aibu. Mfuate wewe, uende na mwalimu mwenzako wa kike, umwambie kwa maneno haya haya: nafasi yako ipo.

Ukitoka katika mji huo uache karatasi moja mezani, kwa mwandiko unaosomeka: njia ya kwanza, njia ya pili kama ya kwanza ikigoma, tarehe za kuomba, gharama, na jina la anayelipa kila kitu. Nakala moja ibaki kwako. Baada ya miezi mitatu rudi uulize.

Usingoje kidato cha nne

Mjadala wa Januari chini ya mwembe huja umechelewa. Kwa miaka mingi chaguo kubwa la kazi limefanyika mtoto anapoingia kidato cha tatu, anapoamua aendelee na Fizikia na Kemia au aziache. Wengi huziacha kwa sababu rafiki zao wameziacha, au kwa sababu mwalimu wa Fizikia hakuwahi kufika, na mlango wa utabibu, uuguzi na uhandisi unafungwa bila mtu kusikia ukifungwa. Mtaala mpya umelisogeza chaguo mbele zaidi: katika shule zenye mkondo wa amali, ulioanza 2024, mtoto anachagua tangu kidato cha kwanza, akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na mara nyingi ni mjomba anayemchagulia.

Kwa hiyo, mwalimu, anza na hao wadogo. Muombe mkuu wa shule kipindi kimoja tu kwa wiki, na orodha ya majina ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukae na kila mmoja kabla hajaandika jina lake kwenye mkondo wowote, na binti awe wa kwanza kwenye orodha.